Mtu Amekaa Tu, Anachokaje? Jinsi ya Kutazama Mbio za Magari kwa Kumwangalia Dereva

Kinyozi wangu wa Sinza ana runinga moja ukutani na king'amuzi kinachogombewa. Jumapili jioni, kama hakuna mechi kubwa, huwa namwomba aweke mbio za magari, na kelele huanza hapo hapo. "Hawa nao ni wanamichezo? Mtu amekaa, gari linakwenda lenyewe!" Shemeji yangu ndiye kiongozi wa upinzani. Kwake yeye, kama hao wanapewa vikombe, basi dereva wa lori la Tunduma naye apewe medali.

Kuhusu dereva wa lori sina ubishi naye. Tatizo ni kwamba wote pale kwa kinyozi wanaangalia magari, na magari yanayozunguka njia ile ile kwa saa moja na nusu yanachosha kama feni ya dari. Mimi mwenyewe nilianza kuelewa mchezo huu siku nilipoacha kuyaangalia magari nikaanza kumwangalia mtu aliyemo ndani: shingo yake, mguu wake wa kushoto, jasho lake, pumzi yake. Ukifuata hatua hizi, mbio moja tu itakutosha kuona tofauti.

Hatua ya kwanza: panda daladala ujifunze g

Darasa lako la kwanza liko barabarani. Panda daladala saa ya watu wengi, usimame, ushike bomba. Bajaji ikichomekea mbele na dereva akafunga breki ya ghafla, gari linapunguza mwendo lakini mwili wako unataka kuendelea na safari. Nguvu hiyo inayokuvuta hupimwa kwa g. Ukiwa umesimama tu kituoni unabeba g 1, yaani uzito wako mwenyewe.

Breki ya kufa na kupona ya gari dogo la kawaida kwenye lami kavu inakaribia g 1. Ya daladala lililojaa ni chini ya hapo, na bado abiria wanaangukiana na konda anatukanwa. Gari la Formula 1, yaani ya zile mbio ninazoomba kwa kinyozi, likifunga breki kutoka mwendo mkubwa dereva anapata g 5 hivi. Tena likiwa kasi, akiinua tu mguu kwenye mafuta bila kugusa breki, upepo unaolizuia kwa mbele unalipunguza mwendo kwa karibu g 1. Kwa maneno mengine, wao wakipumzisha mguu ni sawa na wewe umeona ng'ombe katikati ya barabara.

Sasa peleka nguvu hiyo kwenye kona, pembeni, na uifikirie shingo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi; weka helmeti juu yake, unapata kama 6 na nusu. Zidisha kwa 5: zaidi ya kilo 30. Kiroba cha unga cha kilo 25 unakijua. Kifunge kamba, kamba ifungwe kwenye helmeti yako, kiroba kikuvute kuelekea bega la kushoto, na wakati huo huo usome kona inayofuata kwa mwendo wa kilomita 250 kwa saa. Ukimaliza, kiroba kinahamia bega la kulia. Pale Silverstone, Uingereza, kuna mlolongo wa kona unaoitwa Maggotts na Becketts ambako kiroba hicho kinarushwa kushoto, kulia, kushoto, kulia ndani ya sekunde chache, na mbio zina mizunguko 52.

Kwa hiyo jambo la kwanza kutazama ni helmeti. Subiri waonyeshe picha ya kamera iliyo juu ya gari, umwangalie dereva kwenye kona ndefu za kasi. Mwanzoni mwa mbio kichwa kinasimama wima au kinaegemea kidogo ndani ya kona. Kwenye mizunguko ya mwisho utaona wengine wameanza kuegemeza helmeti kwenye ule mto ulio pembeni mwa kichwa. Hapo shingo imeanza kudai haki yake.

Kuna siri nyingine ndogo ninayoipenda. Viwanja vingi huzungukwa kwa mwelekeo wa mshale wa saa, kwa hiyo kona nyingi huwa za kulia na shingo huzoea kuvutwa upande mmoja. Interlagos, kule São Paulo, Brazili, wanazunguka kinyume, mizunguko 71. Misuli iliyozoea kustarehe inaitwa kazini. Madereva hulifanyia zoezi maalumu jambo hili, na ukiwaona kwenye mahojiano utagundua wengi wana shingo pana kuliko unavyotarajia kwa miili yao myembamba.

Hatua ya pili: hesabu mifuko ya saruji

Wengi hudhani breki za magari haya ni laini kama za gari la kukodi. Hazina ule msaada wa kulainisha kanyagio uliopo kwenye gari lako. Dereva anakanyaga kwa mguu wa kushoto, na kwenye breki kubwa anaweka nguvu ya zaidi ya kilo 100: mifuko miwili ya saruji, kwa mguu mmoja, akiwa amelala nusu chali.

Halafu si suala la kukanyaga tu. Mwanzoni, gari likiwa kasi, hewa inaligandamiza chini na tairi zinashika sana, kwa hiyo anapiga kwa nguvu zote. Mwendo ukipungua, mgandamizo unapungua, na asipoanza kuachia taratibu tairi inajifunga na kutoa moshi. Hapo ndipo unapoona ufundi na uchovu vimekaa pamoja: mguu unaotetemeka kwa kazi ya mifuko miwili unatakiwa uachie kwa ulaini wa mtu anayemtua mtoto aliyelala.

Tazama kona ya kwanza ya Monza, Italia. Wanaifikia kwa zaidi ya kilomita 330 kwa saa na wanatakiwa kushuka chini ya 100 kwa takriban sekunde tatu. Mbio za pale ni mizunguko 53. Hesabu ni mara ngapi moshi wa tairi unatoka kwenye mizunguko kumi ya mwanzo, kisha hesabu tena kwenye kumi ya mwisho. Tairi zilizochakaa zinachangia, sikatai. Ila mguu nao umechakaa.

Ukitaka kuionja hali hii nyumbani, tafuta mizani ya kupimia uzito, ile ya mshale. Kaa chini kwenye korido nyembamba, mgongo ukutani, mizani uisimamishe kwenye ukuta wa mbele, usukume kwa mguu wa kushoto hadi mshale usome 100. Kama una tatizo la goti au mgongo, liache. Shemeji yangu alifika, akashangilia. Nikamwambia bado kona nyingine, halafu ndiyo umemaliza mzunguko mmoja. Aliomba maji.

Kwa mikono, kumbuka dereva Ayrton Senna mwaka 1991, hapo hapo Interlagos. Giaboksi lilimharibikia hadi akabaki na gia ya sita peke yake. Alishinda, mara yake ya kwanza kushinda nyumbani Brazili, lakini misuli ilikuwa imekaza kiasi kwamba alihitaji msaada kutoka garini, na kikombe alikiinua kwa taabu mbele ya watu waliokuwa wakilia kwa furaha. Itafute picha yake. Ndiyo niliyomwonyesha kinyozi, naye akazima mashine kwanza.

Hatua ya tatu: joto, somo ambalo mtu wa Dar analijua tayari

Hapa sisi hatuhitaji kufundishwa sana. Januari au Februari, saa nane mchana, Kariakoo, hakuna upepo: jasho linatiririka na bado hupoi. Sababu ni kwamba jasho halipozi kwa kutiririka, linapoza kwa kukauka, na hewa ikijaa unyevu halikauki.

Sasa mvalishe mtu huyo ovaroli ya matabaka ya kitambaa kisichoshika moto, nguo za ndani ndefu za kitambaa hicho hicho, soksi ya kichwa inayobakiza macho tu, glavu na helmeti. Mweke kwenye tundu lisilo na kiyoyozi, mgongoni mwake kuna injini, miguuni kuna vifaa vinavyotoa moto, na joto linaweza kufika nyuzi 50. Mwambie afanye kazi ya shingo na mguu niliyoieleza hapo juu kwa karibu saa mbili. Singapore, ambako hali ya hewa ni ndugu ya yetu, dereva anaweza kupoteza kilo 2 hadi 3 kwa jasho ndani ya mbio moja. Anacho kimrija cha maji ndani ya helmeti, lakini maji yenyewe hupata moto hadi yanakuwa kama chai isiyo na majani.

Mbio za kujifunzia hatua hii ni za Qatar, Oktoba 2023. Zilikuwa za usiku, na mtu angedhani usiku ungewaokoa. Kwa sababu ya wasiwasi juu ya usalama wa tairi, iliamriwa kwamba hakuna seti ya tairi itakayokwenda zaidi ya mizunguko 18. Ikabidi kila mtu asimame mara tatu, na kwa kuwa hakuna aliyehitaji tena kuzitunza tairi, wote walikimbia kwa nguvu zao zote mizunguko 57, bila ule muda wa kupumua wanaoupata siku nyingine. Esteban Ocon alitapika ndani ya helmeti akaendelea. Logan Sargeant alishindwa, akaliacha gari. Lance Stroll alishuka akipepesuka. Fernando Alonso, mzee wa kazi, aliomba kwenye redio amwagiwe maji akisimama kubadili tairi.

Tangu hapo sheria zimebadilika. Kuanzia 2025, utabiri ukionyesha joto la kupita nyuzi 31, mbio hutangazwa kuwa za hatari ya joto na magari hufungwa mfumo wa kupoza unaopitisha maji kwenye fulana ya dereva. Tangazo hilo lilitolewa kwa mara ya kwanza Singapore mwaka huo huo. Wapo madereva wasioipenda fulana hiyo, wanasema mirija inawabana wanapovutwa kwenye kona, na mimi nawaelewa.

Cha kutazama: wanavyotoka garini. Usizime runinga bendera ikipigwa. Nani anaruka nje, nani anakaa kwanza sekunde kumi ameinamisha kichwa, nani anashika gari kabla ya kusimama. Baadaye wanapita kwenye mizani, kwa sababu ya sheria za uzito wa gari na dereva.

Hatua ya nne: sikiliza pumzi

Moyo wa dereva kwenye mbio hudunda mara 160, 170, na zaidi, kwa dakika, na hukaa huko kwa muda mrefu. Ni kama wa mtu anayekimbia mbio ndefu. Anayeuliza vipi moyo udunde hivyo na mtu amekaa, mwambie akaze misuli yote ya mwili, shingo, tumbo, mikono na mapaja, bila kusogea, akiwa kwenye joto, akiwa na hofu, halafu ajihesabu. Wengi hubana pumzi kwenye kona za kasi kwa sababu kifua kimekandamizwa, kisha huvuta hewa haraka kwenye mstari ulionyooka.

Hii ndiyo sababu nasisitiza usizime sauti ya runinga ukaweka muziki. Redio ya dereva na fundi wake ndiyo kipimo chako. Angalia anaongea wapi: wazoefu huongea kwenye mstari ulionyooka na hukasirika fundi akiwasemesha kwenye breki. Sikiliza sentensi zinavyofupika. Mzunguko wa tano anaeleza gari linavyoteleza nyuma. Wa hamsini anajibu kwa neno moja.

Hatua ya tano: panga Jumapili yako

Mbio nyingi za Ulaya huanza saa kumi jioni kwa saa zetu, wakati mzuri kabisa. Singapore huanza saa tisa alasiri. Australia ni asubuhi, kwa hiyo wanaokwenda ibada wachague. Brazili huangukia usiku.

Chagua dereva mmoja tu, na asiwe anayeongoza. Wa katikati ndiye anayefanya kazi ya mwili zaidi: anapigana, anafuata hewa iliyovurugwa na ya moto kutoka gari la mbele, anabadili njia. Mfuate kwa vipindi vitatu: mizunguko mitano ya kwanza, mitano ya katikati, kumi ya mwisho. Kwenye simu andika mambo manne tu: kichwa, moshi wa tairi, redio, anavyotoka. Kibanda umiza kinafaa kama mwenye kibanda ni rafiki yako. Vinginevyo utafungiwa picha dakika ya arobaini kwa ajili ya mechi.

Kama huna saa mbili, tazama mbio za kupanga nafasi za Jumamosi. Ni mzunguko mmoja wa nguvu zote, na utaziona shingo na breki vizuri, ingawa uchovu utaukosa.

Hatua ya sita: nenda ukaone kwa macho, yaani rali

Kwetu Afrika Mashariki mchezo huu una asili ya vumbi. Safari Rally ilianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wa Dar watakukumbusha Bert Shankland, dereva wa Tanzania aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Wataongeza Joginder Singh aliyeshinda mara tatu, na Shekhar Mehta mara tano. Enzi hizo ilikuwa maelfu ya kilomita kwa siku kadhaa, na mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Mwili wa dereva wa rali huumia kwa namna nyingine. G zake za kona ni ndogo, lakini zinakuja na mapigo ya kutoka chini. Umepita kwenye rasta za barabarani ukasikia meno yakigongana? Weka rasta hizo kwa kilomita ishirini, kisha ongeza jiwe, shimo na korongo. Gari likiruka na kutua, shokapu hunyonya sehemu, uti wa mgongo hupokea iliyobaki. Na ndani ya gari kuna mtu wa pili, navigeta, ambaye namhurumia kuliko dereva: ameinamisha kichwa anasoma daftari la kona huku akitikiswa, bila kuona njia inakokwenda. Jaribu kusoma ujumbe wa simu ukiwa kiti cha nyuma cha daladala kwenye barabara ya vumbi, utajua kichefuchefu chake. Akikosea mstari mmoja, wote wawili wako mtaroni.

Kuna rali hapa nchini, zikiwemo za Bagamoyo, Morogoro, Tanga na Iringa. Mkwawa Rally, yenye jina la mtemi wa Wahehe, imewahi kuwa raundi ya ubingwa wa Afrika. Mwenye nauli na hati ya kusafiria anaweza kwenda Naivasha, ambako Safari Rally ilirejea kwenye ubingwa wa dunia 2021 na tangu 2024 hufanyika mwezi wa tatu. Njia ni Chalinze, Segera, Moshi, Arusha, Namanga, Nairobi, halafu kilomita 90 hivi mbele.

Ukifika, hili ni la uhai. Simama sehemu iliyoinuka, upande wa ndani wa kona, nyuma ya utepe. Usisimame upande wa nje wa kona, maana gari likishindwa linakwenda huko. Usikae mwisho wa mstari ulionyooka, na usikae chini. Hakikisha nyuma yako kuna pa kukimbilia. Mtoto ashikwe mkono. Mwaka 1986 kule Ureno gari liliingia kwenye kundi la watazamaji waliojipanga barabarani na watu watatu wakafa. Msimamizi akikwambia rudi nyuma, usimwonyeshe kwamba unajua magari. Beba maji mengi, kitambaa cha mdomo, na usivae nyeupe.

Halafu nenda mahali magari yanaposimama kuhudumiwa. Pale utawaona madereva kwa karibu: macho mekundu, viganja vyenye malengelenge, mtu anakunywa chupa nzima bila kuishusha.

Hatua ya saba: mazoezi kidogo, ili mwili uamini

Shingo si ya kuchezea, kwa hiyo anza kwa wepesi. Kaa wima, weka kiganja pembeni mwa kichwa, sukuma kichwa kwenye kiganja bila kichwa kusogea, sekunde kumi. Geuza upande, kisha mbele, kisha nyuma. Ukizoea wiki mbili tatu, tumia mpira wa ndani wa baiskeli: ufunge kwenye nondo ya dirisha, uuzungushe kwenye kitambaa kichwani, uvute taratibu bila kurusha. Ukisikia ganzi mkononi au maumivu ya kuchoma, acha kabisa na umwone daktari.

Kwa mikono, shika chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa mikono miwili iliyonyooshwa mbele, uizungushe kama usukani dakika tatu. Ukibahatika kuendesha kigari cha gokati, endesha dakika kumi tu na uangalie mbavu na vidole vitakavyosema. Usijaribu lolote kwenye Barabara ya Bagamoyo. Hata hao mabingwa, nje ya uwanja, huendesha kama mama anayepeleka watoto shule.

Na panga zoezi la shingo siku ambayo kesho yake huna safari ya mapema. Misuli hiyo utaijua ilipo asubuhi, ukiwa kituoni, ukitaka kugeuza kichwa kuona kama daladala linalokuja ni lako.